Skana Haisomi Gari? Shika Mita Kabla ya Kuilaumu Kontroli Boksi

Skana, kile kifaa cha kusoma makosa ya gari, imechomekwa, taa yake inawaka, menyu imefunguka. Ukichagua injini inazunguka weee, kisha inakwambia imeshindwa kuwasiliana na gari. Hapo ndipo kontroli boksi (kompyuta za injini) nyingi zisizo na kosa hung'olewa na kupelekwa kufunguliwa, na zikirudi gari linakuwa na matatizo mawili badala ya moja.

Msimamo wangu ni kwamba kontroli boksi ndiyo ya mwisho kushukiwa. Ili skana na gari vielewane vinahitajika vitu vichache tu: umeme wa kuiwasha skana, umeme na ethi (upande wa hasi) za kuiwasha kontroli boksi, waya mmoja au miwili ya kupitishia mazungumzo, na lugha moja kwa pande zote mbili. Vitatu vya kwanza vinapimwa kwa mita ya kawaida. Nitasemea zaidi Toyota zilizotumika Japani, kwa kuwa ndizo zimejaa barabarani kwetu, lakini hesabu za umeme ni zilezile kwa gari lolote.

Kwanza jiulize: injini inawaka? Gari linalowaka na kutembea vizuri lina kontroli boksi hai. Tatizo liko njiani, yaani soketi, waya wa mawasiliano au skana yenyewe. Gari lisilowaka na pia lisilosoma ni habari nyingine kabisa: anza na umeme wa kontroli boksi, ethi zake na ile volti 5 nitakayoieleza chini. Swali hili moja linakuondolea nusu ya kazi.

Skana yenyewe

Ichomeke kwenye gari jingine unalojua linasoma, la aina ileile ikiwezekana. Inachukua dakika mbili, na watu hawaifanyi.

Vile vidude vidogo vya ELM327 vinavyotumia simu vina balaa lake. Vingi ni nakala. Toleo linaloandikwa 1.5 halikuwahi kutolewa na Elm Electronics, kampuni ya Kanada iliyobuni chipu hiyo. Nakala nyingine zimepunguzwa vipuri ndani, kwa hiyo zinaongea na gari la CAN (mawasiliano ya nyaya mbili) bila shida ila kwenye gari la K-line (ya waya mmoja) ni bubu. Mwenye nacho atakuapia kwamba kidude chake ni kizima kwa sababu kilisoma gari la jirani, na hasemi uongo.

Kukipima, tumia programu ya simu inayoruhusu kuandika amri. Andika ATI, kijitambulishe. Andika ATRV, kitaje volti za betri. Kikijibu hizo mbili, simu na kidude vinaelewana na pini 16 ya soketi ina umeme, kwa hiyo achana na habari za Bluetooth. Kisha andika 0100. Jibu linaloanza na 41 00 ni la gari. Ukiona BUS INIT ikifuatiwa na ERROR, kimejaribu K-line na hakikuitikiwa. CAN ERROR mara nyingi huonyesha nyaya za CAN zimekatika au zimepiga shoti: kwenye CAN kila ujumbe lazima uthibitishwe na angalau moduli (kompyuta ya gari) nyingine moja, na usipothibitishwa mtumaji anahesabu kosa. NO DATA maana yake ujumbe umetumwa ila hakuna aliyejibu kwa wakati.

Kidude kisipojibu hata ATI, tatizo ni la simu. Namba ya siri ya Bluetooth huwa 1234 au 0000, na programu moja tu ndiyo inaweza kukishika kwa wakati mmoja. Cha WiFi hutumia anwani 192.168.0.10 na poti 35000. Zima data ya simu kwanza, maana simu nyingi zikiona WiFi haina intaneti hurudi kwenye mtandao wa simu kimyakimya. Kwa iPhone chukua cha WiFi au cha Bluetooth ya nguvu ndogo, kile cha Bluetooth ya zamani hakitaunganika.

Lugha

Hapa ndipo gari la Japani linapowachanganya wengi. Marekani ililazimisha OBD2, lugha ya pamoja ya kusoma makosa ya gari, kuanzia magari ya modeli ya 1996, Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani halikubanwa na sheria hizo. Kuwa na soketi ya pini 16 hakumaanishi kwamba litaitikia OBD2 ya jumla. Ukichagua menyu ya OBD2 au EOBD (ile ya Ulaya) kwenye Toyota ya Japani ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, unaweza kukaa kutwa bila jibu wakati kila kitu ni kizima. Ingia Toyota, chagua Japani, kisha chagua modeli kwa mkono.

Usitegemee kutambua gari kiotomatiki. Skana hutafuta namba ya chasisi yenye herufi na tarakimu 17, na gari la Japani halina hiyo. Lina namba fupi inayoanza na modeli, kama NCP60 kwa IST ya kwanza. Skana ikikosa 17 zake husema gari halipo.

Baadhi ya Toyota hizi huongea kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde badala ya 10400 ya kawaida ya K-line. Ndiyo maana programu za simu zinahitaji kuwekewa amri za mwanzo kama ATIB 96 kabla ya kuunganisha.

Kwa Watanzania, IST, Vitz na Raum za umri huo bado ni nyingi, kwa hiyo K-line bado ni mkate wa kila siku. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, hivyo fundi wa Nairobi hukutana na CAN mara nyingi zaidi.

Soketi

Itazame soketi ya gari upande mpana ukiwa juu. Safu ya juu ni 1 hadi 8 kutoka kushoto, ya chini ni 9 hadi 16. Pini 16 ni umeme wa betri muda wote, hata swichi ikiwa imezimwa. Pini 4 ni ethi ya bodi, 5 ni ethi ya mawasiliano, 7 ni K-line, 6 ni CAN ya juu, 14 ni CAN ya chini. Kwenye Toyota, 13 ni TC, pini ya majaribio nitakayoitumia chini. Angalia ni matundu gani yana shaba ndani. Ukikuta 7 tu bila 6 na 14, hilo ni gari la K-line.

Usichomeke ncha nene ya mita ndani ya matundu. Unapanua shaba, na kesho skana itakuwa inashika na kuachia. Pima kwa nyuma ya soketi, au tumia pini nyembamba inayolingana.

Pini 16 isipokuwa na umeme, tafuta fyuzi. Kwenye Toyota huwa imeandikwa OBD, mara nyingi ya ampea 7.5. Kwenye magari mengine mengi pini 16 inashirikiana fyuzi na kiwashia sigara, kwa hiyo chaja ya simu ya bei chee iliyopiga shoti inaizima skana.

Kuona volti 12 kwenye mita hakutoshi. Waya uliobaki nyuzi mbili, au ethi iliyoshika kutu, utaonyesha volti 12 kamili kwa sababu mita haivuti umeme wowote wa maana. Chukua balbu ndogo ya wati 5, ifunge kati ya 16 na 4, kisha kati ya 16 na 5. Iwake kwa nguvu mara zote mbili. Balbu ikiwa bado inawaka, pima volti kati ya pini ya ethi na nguzo hasi ya betri: ikizidi volti 0.1, ethi ni mbovu. Pima na pini 16 dhidi ya nguzo chanya: zikipotea zaidi ya volti 0.5, kuna kiungo kibovu njiani.

Swichi iwe ON kamili, si ile hatua ya redio. Kwa gari la kubonyeza, bonyeza mara mbili bila kukanyaga breki. Betri chini ya volti 11 ichaji kwanza. Moduli nyingine hunyamaza au hutoa majibu ya kipuuzi umeme ukishuka, na utafukuza kosa lisilokuwapo.

K-line

Ni waya mmoja. Ukiwa umetulia unakaa karibu na volti za betri, na anayetaka kusema anauvuta chini kwenye ethi. Moduli moja ikiharibika na kuushikilia chini, wote wanakosa sauti.

Chomeka skana, washa swichi, pima pini 7 kwa nyuma. Volti zikiwa karibu na za betri na zikitikisika skana inapojaribu, waya unafanya kazi na skana inasema. Tafuta kwa nini kontroli boksi haijibu. Zikiwa karibu na sufuri muda wote, chomoa skana, ondoa nguzo hasi ya betri, pima ukinzani kati ya 7 na ethi. Ukiwa omu chache tu, kuna shoti. Anza kuchomoa moduli moja moja zinazogawana waya huo: ABS, mkoba wa hewa, kontroli ya gia, huku ukitazama mita. Kwa mkoba wa hewa subiri kwanza angalau dakika mbili betri ikiwa imeondolewa. Ukinzani ukipanda ghafla, umempata.

Moduli ya ABS huwa naitazama mapema. Imekaa kwenye boneti, inakula maji na joto.

Uwe na subira pia. Njia ya zamani ya kuamsha K-line hutuma anwani kwa kasi ya biti 5 kwa sekunde, kwa hiyo salamu peke yake inakula sekunde 2, na skana inayojaribu lugha zote kwa zamu itachukua muda. Ukiichomoa kila baada ya sekunde tatu hutafika popote.

Toyota nyingi za K-line zina njia ya kuthibitisha uhai wa kontroli boksi bila skana yoyote. Unganisha pini 13 na pini 4 kwa kipande cha waya, kisha washa swichi. Taa ya injini ikianza kupepesa, iwe kwa mpangilio wa kodi (namba za makosa) au kwa mfululizo usio na kodi, kontroli boksi iko hai na inafikiri. Hesabu pini mara mbili kabla ya kuunganisha: ukigusisha 16 na 4 utaunguza fyuzi.

CAN

Hapa nyaya ni mbili, zimesokotwa pamoja, na kwenye soketi kasi huwa kilobiti 500 kwa sekunde. Kila mwisho wa njia kuu kuna kikinzani cha omu 120. Viwili sambamba vinatoa 60. Kwenye Toyota nyingi kimoja kiko ndani ya kontroli boksi ya injini na kingine ndani ya saa za dashibodi. Hilo lina maana yake: anayebadilisha saa za dashibodi kwa zisizolingana anaweza kuharibu mtandao mzima bila kujua.

Ondoa nguzo hasi, subiri dakika chache, pima kati ya 6 na 14. Vitabu vya Toyota vinakubali omu 54 hadi 69. Kati ya 6 au 14 na ethi pini 4, ziwe 200 au zaidi. Kati ya 6 au 14 na pini 16, ziwe 6,000 au zaidi. Ukipata 120, upande mmoja wa njia kuu umekatika au kikinzani kimoja hakipo. Ukipata karibu na sufuri, nyaya mbili zimegusana, au moduli imeungua ndani. Ukipata 40, kuna kikinzani cha tatu kisichostahili, na mara nyingi kimeletwa na kifaa cha kuongezea. Mita isiposoma kitu kabisa, tawi linaloleta nyaya kwenye soketi limekatika.

Tahadhari moja. Kwenye magari yenye lango (moduli inayopitisha ujumbe) kati ya soketi na mitandao ya ndani, soketi inakuonyesha tawi la lango tu, na 60 huenda usiipate kabisa gari likiwa zima. Kama huna mchoro wa nyaya wa gari hilo, usitoe hukumu kwa ukinzani peke yake. Magari ya kundi la Fiat Chrysler kuanzia modeli za 2018 yana lango lenye kufuli pia: kusoma kodi unaruhusiwa, kufuta na kuamrisha vifaa hadi skana iwe imesajiliwa. Hiyo si hitilafu.

Rudisha betri, swichi ON, pima volti. Pini 6 iwe karibu na 2.6 au 2.7, pini 14 iwe 2.3 au 2.4, jumla yake ikaribie 5. Zote mbili zikiwa 2.5 bila kutikisika, ama hakuna anayesema ama zimegusana. Ukinzani utakwambia ni kipi. Zote zikiwa karibu na sufuri, waya umegusa ethi. Zikipanda kuelekea 12, umegusa umeme.

Dashibodi nayo inasema. Taa za ABS, usukani na injini zikiwaka pamoja, usukani ukawa mzito, njia kuu ina tatizo. Taa zote zikiwa shwari, gari linatembea vizuri, ila skana haioni kitu, shida iko kwenye kipande kifupi kati ya njia kuu na soketi. Usifungue dashibodi nzima kwa ajili ya hilo.

Skana ikisoma ABS na mkoba wa hewa lakini si injini, na ABS imehifadhi kodi U0100 (imepoteza mawasiliano na kontroli boksi ya injini), basi njia ni nzima kwa sehemu kubwa. Injini peke yake ndiyo imepotea. U0121 ni ABS imepotea, U0131 ni usukani wa umeme, U0155 ni saa za dashibodi. Orodhesha nani analalamika kuhusu nani. Asiyesikika na wote ndiye wa kufuatwa, na kitu cha kwanza kumpima ni umeme na ethi zake.

Kukiwa na shoti, chomoa moduli moja moja huku mita ikiwa kwenye 6 na 14. Ila kabla ya moduli za kiwandani, ondoa vilivyoongezwa: redio ya Android yenye kiboksi cha CAN, alamu, na treka (kifaa cha kufuatilia gari). Wafungaji wa treka wanapenda kuchuna waya nyuma ya soketi ya OBD na kusokota kwa mkono, kisha wanazungushia solotepu inayoachia kwa joto. Panya wanafuata kwenye orodha yangu, halafu maji yaliyoingia chini ya zulia.

Volti 5

Huu ndio ugonjwa unaofanya kontroli boksi nyingi nzima zidhaniwe zimekufa. Kontroli boksi hutengeneza volti 5 kwa ajili ya sensa, na kwenye Toyota waya huo unaitwa VC. Waya huo ukipiga shoti kwenye ethi, kompyuta ya ndani na sensa zinazotegemea umeme huo hukosa uhai. Gari haliwaki, taa ya injini haionekani hata ukiwasha swichi, skana haisomi. Dalili zote za kontroli boksi iliyokufa, kumbe sensa moja tu imeungua.

Chomoa soketi ya sensa ya throto, washa swichi, pima kati ya VC na E2 (ethi ya sensa). Panatakiwa volti 4.5 hadi 5.5. Kama zimerudi mara tu ulipochomoa, sensa hiyo ndiyo mbovu. Kama bado ni sufuri, acha mita hapo na uchomoe nyingine moja moja: ya shinikizo la hewa, ya pedali ya mafuta, ya shinikizo la gesi ya AC, yoyote inayokula VC. Zima na uwashe swichi kila unapochomoa, maana baadhi ya kontroli boksi hazirudi hadi zianze upya. Zote zikiwa nje na bado hakuna kitu, chomoa soketi ya kontroli boksi na upime waya wa VC dhidi ya ethi. Shoti ikiwa bado ipo, ni waya umechunika mahali, mara nyingi pale unapopita karibu na ekzosi au ukingo wa chuma.

Shoti isipokuwapo, angalia kama kontroli boksi inapata chakula. Pini ya BATT iwe na umeme muda wote, IGSW iwe na umeme swichi ikiwa ON, +B ipate umeme baada ya rilei kuu ya EFI kubofya. Pima kwa balbu, si kwa mita peke yake. Ethi za E1, E01 na E02 huishia kwenye injini yenyewe. Injini ikishushwa na kurudishwa, kile kijibolti cha ethi ndicho kinachosahaulika, na gari linakuja likiwa halisomi tangu siku hiyo.

Inayosoma na kukata

Kama inasoma swichi ikiwa ON na kukata injini inapowaka, weka mita kwenye volti za AC na upime betri injini ikinguruma. Ikizidi 0.5, diodi za altaneta zinavuja na kelele yake inaingia kila mahali. Kwenye injini za nyaya za plagi, waya uliopasuka nao hufanya hivyohivyo. Ikikata unapopita kwenye matuta, tikisa soketi na mkanda wa nyaya huku data zikitembea kwenye skana.

Ukishapita kote huko, umeme upo, ethi zipo, VC haina shoti, waya wa mawasiliano uko safi hadi kwenye mguu wa kontroli boksi na bado kimya, hapo ndipo ifunguliwe. Ukinunua ya gari lililochinjwa, linganisha namba yote ya kipuri, ile inayoanza na 89661 kwenye Toyota nyingi, pamoja na tarakimu zinazofuata kistari. Kama gari lina ulinzi wa ufunguo, chukua kontroli boksi pamoja na ufunguo wake na kiboksi cha ulinzi kama kiko pembeni. Bila hivyo, skana itasoma vizuri kabisa na gari halitawaka.